Wewe Kamera, Mimi Vidonge

Aleksandria, 14 Oktoba 1995

Mdogo wangu Insaf,

Salamu zikukute mzima, wewe na shemeji Metwalli na binti yenu Sabah, na mama mkwe wako kama bado ana nguvu za kulalamika. Sisi huku hatujambo. Mwanangu Ashraf amepata kazi gereji ya tramu, anarudi nyumbani ananuka grisi, lakini anarudi. Shule zimefunguliwa na kila mama wa mtaa huu amegundua siku moja kwamba mwanawe amerefuka, kwa hiyo cherehani haipoi.

Sasa yaliyonishikisha kalamu. Jumanne niliitwa hospitali. Yule daktari mdogo mwenye miwani, Nagwan, alinikalisha akaniambia, "Mama Firyal, mishipa ya chini ya koo lako la chakula imevimba. Ini limekakamaa kwa kichocho cha utotoni, damu haipiti vizuri, inatafuta njia ya juu. Ni kama mfereji uliozibwa."

"Mwanangu," nikamwambia, "mfereji usinifundishe. Nimefua humo miaka kumi na miwili."

Akacheka. Kisha akanieleza ule utafiti wao, hospitali yetu na ya kwenu Mansura pamoja. Watu mia mbili na arobaini. Nusu wanapewa vidonge vya kutuliza msukumo wa damu, nusu wanaingizwa mpira wenye kamera mdomoni, mishipa inafungwa kwa vimpira vidogo. Kipi kinazuia zaidi mishipa isipasuke, bado hawajui. Ndiyo maana hawachagui, bahasha inachagua. Imefungwa kwa gundi, hata yeye hajui kilichomo.

Akaifungua mbele yangu. Vidonge.

Ulipoandika kwamba bahasha yako imetoka kamera nilimshukuru Mungu, naapa. Tulimwona sote wawili kaka yetu Abdelmaqsud akitapika damu mpaka roho ikatoka, na sikutaka ufe hivyo. Lakini nilikaa kwenye tramu na kile kichupa mkononi nikajiuliza kwa nini siku zote ni wewe. Mimi niliachishwa shule darasa la nne ili nimbebe mtoto. Mtoto huyo ni wewe. Ukasoma, ukawa karani wa shule. Sasa hata ugonjwa tumepewa mmoja, na bado aliyekupa wewe kiti ndiye aliyenipa mimi sakafu.

Niandikie kamera ilivyo. Usifiche kitu.

Dada yako Firyal


Kafr Sawaqi, 9 Novemba 1995

Dada yangu mpenzi,

Barua yako imefika, na kabla ya yote Metwalli anakusalimu, Sabah anakubusu mikono, na mama mkwe anasema nguvu anazo. Mpunga tumevuna. Nyati wetu wa maziwa ana mimba. Mvua moja imenyesha na paa la chumba cha nyuma limevuja palepale panapovuja kila mwaka.

Umeuliza kamera. Dada, sijui nianzie wapi. Chumba ni baridi na kisafi, kuna televisheni, na ukigeuza macho unaliona tumbo lako mwenyewe, jekundu, linang'aa kama hariri. Unapuliziwa dawa kooni, unalala ubavu, mpira unateremka. Si kitu. Ni kama kumeza mlenda wa mulukhia. Wameniwekea vimpira vinne mara moja. Daktari Bahgat, ambaye ndiye mkubwa wao wote, alinipiga begani akasema, "Bi Insaf, laiti wagonjwa wote wangekuwa kama wewe!" Wauguzi wote wananijua kwa jina.

Tangu siku hiyo nasikia wepesi kifuani. Metwalli anasema hata rangi yangu imerudi.

Wewe usihuzunike. Vidonge navyo ni dawa.

Mdogo wako Insaf


Aleksandria, 20 Novemba 1995

Insaf,

Salamu kwa wote, na kwa nyati.

"Usihuzunike. Vidonge navyo ni dawa." Umesema hivyo kama mtu anayemwambia mwombaji mlangoni kwamba mkate mkavu nao ni mkate.

Unataka kujua vidonge vilivyo? Ni vidogo kama dengu. Nameza viwili asubuhi, viwili jioni. Hakuna televisheni wala wa kunipiga begani. Mikono imekuwa baridi kama samaki wa barafuni, nikishika kitambaa sikisikii. Nikipanda ngazi ya nyumbani napumzika orofa ya pili kama bibi kizee. Daktari Nagwan anashika mkono wangu, anahesabu mapigo, anasema, "Hamsini na nane. Hongera, dawa inafanya kazi." Hongera ya kuchoka!

Jana nilimwambia, "Mwanangu, nipe bahasha nyingine."

"Haiwezekani, mama."

"Fungua moja tu. Nani ataona?"

"Nitaona mimi."

"Basi niandike nimeugua zaidi."

Akavua miwani. "Mama Firyal, tukianza kuchagua, anayelia sana tutampa kamera na mnyamavu tutampa vidonge. Mwisho wa mwaka hatutajua kama mtu alipona kwa dawa au kwa machozi yake."

Maneno mazuri. Na yeye mishipa yake haijavimba.

Wewe unajulikana kwa jina. Mwambie huyo Bahgat wako aandike barua huku, mkubwa kwa mkubwa. Pia nieleze, hapa wanasema mishipa hufungwa tena kila baada ya wiki tatu mpaka iishe. Umeshafungwa mara ya pili? Vimpira vingapi?

Dada yako


Kafr Sawaqi, 11 Januari 1996

Dada yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nyati amezaa, ndama jike, ana doa jeupe kwenye paji la uso na mama mkwe anasema ni heri. Lakini siku tatu za kwanza hakutaka kunyonya, tukamnywesha kwa kidole, mimi na Metwalli kwa zamu. Sabah amechumbiwa. Kijana ni mwalimu wa hesabu huko Dikirnis, mpole, anakula kidogo mno, mama yake anatutazama kama aliyekuja kununua na kukuta bidhaa si ile. Chumba cha nyuma tumekiezeka. Ramadhani inakuja na sukari bado hatujanunua.

Kuhusu Daktari Bahgat, sijapata nafasi ya kumwuliza. Ana watu wengi. Hospitali hawajambo.

Vile vidonge vyako, dada, unavimeza kwa maji tu, basi? Unakaa kwako, hakuna anayekugusa?

Insaf


Aleksandria, 3 Februari 1996

Insaf,

Ramadhani karimu kwenu. Mkono wa heri kwa Sabah, na huyo mama yake bwana harusi mwambie gauni la harusi nitalishona mimi, aone bidhaa.

Umeniandikia kurasa mbili za nyati na mstari mmoja wa hospitali. Basi usiseme. Mtu aliyejaza mdomo haongei.

Kwa maji tu, ndiyo. Chupa tunairudisha kila mwezi, wanahesabu vilivyobaki, na hesabu yangu haijakosea hata kidonge kimoja.

Wiki iliyopita Daktari Nagwan alinishika mkono, akahesabu mapigo. Akatazama saa, akahesabu tena.

"Themanini na nane," akasema.

"Nimepanda ngazi mbio, mwanangu."

"Umekaa hapo robo saa, mama."

"Basi ni swaumu."

Alinitazama muda mrefu, kisha akaandika. Na aandike. Mikono yangu imepata joto siku hizi, na cherehani inakwenda kama zamani. Nimeshamaliza nguo za Idi za nyumba nne.

Firyal


Aleksandria, 10 Machi 1996

Insaf,

Idi yenu ilikuwaje? Yangu nilikula siku moja tu.

Siku ya pili ya Idi nilikuwa nawapangia wageni biskuti kwenye sahani. Nikasikia ladha ya chuma mdomoni. Nikasema labda ni jino. Kisha nikainama kwenye beseni la kufulia na damu ikatoka kama ilivyomtoka Abdelmaqsud, na Ashraf amesimama mlangoni na sahani mkononi. Nakumbuka nilitaka kumwambia asimwage sukari kwenye zulia.

Wamenitia damu chupa sita. Niko nyumbani tangu juzi. Ashraf alitaka kupiga simu posta ya kwenu nikamkataza. Ungekuja, ningekuona mzima, umepona, una rangi yako, nami nimelala mweupe kama shuka. Sikutaka.

Na kamera nimeipata, ile niliyoililia. Walinifunga palepale, macho yangu yako wazi. Insaf, si mulukhia. Ni mkono wa mtu mzima kooni. Nilikuwa nimebanwa meno kwenye kile kipande cha plastiki, machozi na damu vinanitoka puani, nikawa nawaza, mdogo wangu alikuwa anaongelea kitu gani?

Nimalizie, maana kuna jambo ambalo Ashraf hajui wala daktari hajui. Tangu mwanzo wa Desemba sijameza kidonge. Kila asubuhi viwili kwenye sinki, kila jioni viwili, nafungulia maji mpaka vinayeyuka. Nilitaka vishindwe. Nilidhani vikishindwa watanihamishia kule uliko wewe.

Nilipokuwa kitandani niliona faili langu. Daktari Nagwan ameandika kwa wino mwekundu: kundi la vidonge, ametokwa na damu. Alikuwa na huzuni kama aliyekosea yeye. Vidonge vinaandikiwa kosa ambalo si lao, na mwenye kosa nimelala nakunywa supu.

Nikinyamaza nani atajua? Niambie wewe. Wewe ndiye msomi.

Firyal


Kafr Sawaqi, 17 Machi 1996

Dada,

Leo sina salamu za mtu mwingine. Nimeisoma barua yako kwenye kizingiti cha mlango na nikabaki nimeishika hapohapo. Metwalli alidhani nimefiwa.

Nilikudanganya. Nilikwenda mara moja tu. Kimpira walichofunga ni kimoja. Kabla ya cha pili niliuvuta mpira kwa mikono yangu miwili, nikamng'ata muuguzi kidole. Daktari Bahgat hakunipiga begani. Alisema, "Pumzika, mama, utarudi wiki ijayo," na sikurudi tena. Walimtuma mama mmoja wa ustawi wa jamii mpaka hapa kijijini, mara mbili. Mara ya kwanza Sabah alimwambia nimesafiri. Mara ya pili nilijificha kwenye banda la bata. Nimekaa humo saa nzima, mwanamke wa miaka arobaini na nne, nikisikia anaombwa anywe chai na anakubali.

Nilikuwa nakuonea wivu, Firyal. Vidonge viwili na maji, kisha unarudi kwenye kazi zako! Usiku wa kuamkia ile siku ya hospitali niliomba bahasha zetu zibadilike.

Utaniuliza kwa nini basi niliandika yale. Maisha yangu yote wewe ndiye hodari. Uliondoka kijijini peke yako na mtoto na cherehani. Unabishana na madaktari kama wapangaji wako. Kila nikisoma barua zako najiona mdogo, bado niko mgongoni kwako. Mara moja tu katika maisha nilipata kitu ulichokitamani wewe. Sikuweza kukwambia kwamba sikiwezi.

Nami ndiye niliyekusukuma kwenye lile sinki. Nalijua hilo.

Umeniuliza ufanye nini. Mwambie daktari. Kafr Sawaqi hakuna kamera, wala Dikirnis. Nusu ya wanawake niliofua nao mferejini wana tumbo kama langu. Utafiti ukisema vidonge havifai, hawa watapewa nini? Mwambie, hata akikufukuza.

Insaf


Aleksandria, 4 Aprili 1996

Insaf,

Nimekaa na barua yako siku tano bila kujibu, kwa hasira. Banda la bata! Mimi nimelala natiwa damu ya watu kwa ajili ya hariri na mulukhia yako. Siku ya sita nikakumbuka kwamba sinki ni langu na bomba nililifungua mwenyewe, wewe hukuwapo. Hasira ikabaki nusu. Hiyo nusu nitakuletea.

Nilikwenda kwa Daktari Nagwan jana. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima. Nilipofika nikasema tu, "Vidonge sikumeza."

Aliweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Desemba."

"Nilijua tangu siku ya ngazi."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisubiri useme. Kujua kwangu si kitu cha kuandika kwenye utafiti, mama. Nilipaswa kukubana zaidi. Hilo sitajisamehe upesi." Kisha sauti ikapanda, mara ya kwanza tangu nimjue. "Ungekufa! Dawa hii ukiiacha ghafla msukumo unarudi kwa nguvu. Ungekufa mikononi mwangu, na ningekuzika ukiwa uthibitisho kwamba dawa haifai!"

Nikamwuliza kama sasa nimefutwa.

"Hufutwi," akasema. "Bahasha ilikuweka kwenye vidonge, na kwenye hesabu kubwa utabaki humo humo na damu yako. Huko nje nako wapo watakaovitupa, lazima tujue inakuwaje. Lakini nitaandika kwamba hukumeza. Kutakuwa na hesabu ya pili, ya waliomeza kweli. Humo hutakuwemo."

Akaniandikisha kauli yangu nikatia sahihi. Herufi zilikwenda upogo, darasa la nne likaonekana. Alikunja ile karatasi vizuri, akasema, "Una habari kwamba wagonjwa wenzako wanne wametokwa na damu? Kesho nitawauliza wote upya. Wewe umenifungulia mlango."

Sasa zamu yako. Nenda Mansura. Kimpira kimoja hakizuii kitu, nimeuliza. Nipe siku, nitapanda treni nije nikushike, na ukiuvuta mpira safari hii utaning'ata mimi.

Dada yako


Kafr Sawaqi, 26 Aprili 1996

Dada yangu,

Kesho kutwa ni Idi ya kuchinja na nyumba imejaa. Metwalli anakusalimu, Sabah anauliza vipimo vya gauni akutumie lini. Ndama amekua, anatafuna kila kitambaa kinachoanikwa.

Nimekwenda. Jumatano iliyopita. Sikukwambia siku kwa sababu niliogopa nitakimbia tena, na sikutaka unione nakimbia. Metwalli alikaa nje, nikamsikia anasoma sura moja ya Kurani mara nyingi akikosea mahali palepale.

Daktari Bahgat hakunigombeza hata neno. Muuguzi yule niliyemng'ata anaitwa Karima. Alikuja mwenyewe, kidole bado kina alama, akasema, "Leo tutafika mwisho, mama. Nitazame mimi, usitazame televisheni." Akanishika mkono tangu mwanzo. Nilipotaka kuinuka aliubana akaniambia, "Pumua kwa pua, pumua, bado kidogo," akanifuta machozi kwa mkono wa pili. Aliniimbia taratibu sikioni, kama wanavyobembelezwa watoto. Sikuuvuta mpira. Vimpira vitatu, dada, na hiyo ni hesabu ya kweli. Nilipomaliza nililia kifuani kwake kama mtoto na hakuniharakisha.

Nirudi tena Jumatano ya tarehe kumi na tano Mei. Karima ameahidi atakuwepo.

Insaf


Aleksandria, 5 Mei 1996

Insaf,

Idi njema iliyopita. Ashraf hajambo. Vidonge nameza, mikono ni baridi, mapigo sitini, muulize Nagwan kama huniamini.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi mpaka nikamwita jirani. Mara ya pili nikaona moyo unaniuma na sikujua kwa nini, maana umefungwa, umepona nusu, nataka nini tena? Mara ya tatu nikajua. Namwonea wivu Karima. Kabla hujajua kutembea mikono hii ndiyo iliyokufuta machozi, na safari hii umeyalia kwa mtu mwingine, akakuimbia, nami nimekaa Aleksandria natia vifungo kwenye shati la mtu.

Nimeshakata tiketi. Nafika Jumanne ya tarehe kumi na nne, treni ya asubuhi. Msipike, siwezi kula kabla ya Jumatano kupita. Huyo Karima mpe salamu zangu, ni mtu mwema, Mungu ampe watoto na nyumba kubwa. Kisha mwambie tarehe kumi na tano atafute mkono mwingine wa kushika.

Dada yako Firyal